Nyama ya Kikao

Siku Nakuam alipoingia bunge la kaunti mara ya kwanza, askari wa mlangoni alimwuliza ametumwa na mheshimiwa yupi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mheshimiwa alikuwa ni yeye.

Wazee wa Kiturkana walimuunga mkono kwa sababu moja tu: Ewesit, mtoto wa tajiri wa mifugo, alikuwa bado chuoni. Msichana ashikilie kiti, walisema, mwenyewe akimaliza masomo ataachiwa. Nakuam alikishika kwelikweli. Aligombana mpaka bomba la maji likafika mtaani kwao Chechelesi, na wakubwa waliozoea kumwita kasichana wakajifunza jina lake.

Sasa Ewesit alikuwa amerudi na uchaguzi umekaribia. Wazee wakachinja mbuzi. Kwao, aliyekula nyama ya kikao amekubali neno la kikao, na harudi nyuma. Mzee Achuka, kaka wa mama yake Nakuam, alimpa ubavu mbele ya wote, akamwambia ale, ashukuru, amwachie Ewesit kiti, kisha atafute mume.

Nakuam aliurudisha ubavu kwenye majani.

"Mjomba, nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujala tangu asubuhi?"

"Maneno."

Mzee alimwonya kwamba waliokula mbuzi yule ni wa Ewesit, na hakuna atakayempigia yeye kura. Njia nzima ya kurudi, Nakuam aliwafikiria wale ambao hawajawahi kuionja nyama ile. Wanawake hawakuitwa. Waislamu wa mtaa, kama Hamdia muuza maziwa ya ngamia, hawangekula hata wangeitwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujali nani ameshika kisu. Na wote hao walikuwa na kura.

Jumamosi alinunua mbuzi wake, akampa kisu Abdiladif, mume wa Hamdia, achinje kwa bismillahi. Watu walijaa uani: akina mama, vijana wa bodaboda, majirani wa Hamdia. Kabla ya kupakua, Nakuam aliwaambia wazi kwamba anagombea bila chama na bila wazee. Asiyetaka asile.

Wakala.

Mzee Achuka alifika na fimbo yake, amefura. Hamdia alimvutia kiti na kumwekea sahani mkononi kama mgeni mwingine yeyote. Mzee alizoea kusema huku anatafuna. Alikemea kwamba hiki si kikao, kwamba mbuzi huyu si kitu, na alikuwa amefika pale mwanamke anapotakiwa kunyamaza alipogundua kuwa ua mzima umenyamaza, unamtazama mdomo.

"Mjomba," Nakuam akamwuliza kwa upole, "umeshameza?"

Mzee aliutazama mfupa. Sheria ile yeye ndiye aliyemfundisha Nakuam, angali mtoto.

"Chumvi haitoshi," akasema mwishowe, akanyoosha sahani aongezwe.

Jumatatu Nakuam alipeleka karatasi zake za kugombea. Mzee Achuka alikataa kumsindikiza. Alikataa pia kumsindikiza Ewesit.