Palipokwanguliwa kwenye Chesi

Rangi naijua. Hapa bondeni Española ukiona gari la zamani linang'aa mpaka unaweza kulitazama ukachana nywele, ujue ni mkono wangu mimi Fidencio, na anayebisha aje tubishane. Lakini Pasaka ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Eliseo alikuwa na pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1950. Binti yake, Delfina, ameihangaikia miaka mitatu: kafumua injini, kaishusha mpaka inalamba lami, kafunga pampu za kuifanya iiname na kuinuka. Chesi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari, nikaipiga rangi nyekundu mimi, mara sita. Mzee alishamwambia Delfina: "Ikifika kanisani siku ya Pasaka kwa nguvu zake, ni yako. Ikivutwa kwa kamba, namuuzia mnunuzi mmoja wa Denver anayeitaka. Gari lisilotembea ni kabati tu."

Asubuhi ya Pasaka Delfina akazungusha ufunguo. Tak! Kimya.

"Betri hiyo," nikasema.

"Betri nimeinunua jana, kaka Fidencio."

"Basi stata."

"Nimeijaribu juu ya meza, inazunguka vizuri. Hebu nyamaza kidogo."

Mzee alikuwa kasimama na fimbo yake, keshavaa kofia ya sikukuu. "Nilete kamba?" akauliza. Aliniudhi kweli.

Delfina aliendelea na kazi. Akawasha taa, akazungusha tena ufunguo; taa zikafifia karibu kuzimika. Akachukua waya wa kubusti, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini yenyewe. Akajaribu. Injini ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika!

Akazima, akaingia uvunguni, akatoka akinikazia macho.

"Waya wa athi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, umefungwa juu ya rangi yako. Chuma hakigusi chuma. Umeme urudi kwa njia gani?"

Jamani! Bonde zima hili, ni nani mwingine angepaka rangi mpaka chini ya bolti? Mimi nilipaka, tena nikajisifu.

Akanipa msasa. "Kwangua mwenyewe. Nikikwangua mimi utaninunia mwaka mzima."

Nikalala chini na suti yangu ya kanisani, nikasugua huku moyo unaniuma, mpaka chuma kitupu kikaonekana. Akafunga waya, akaondoa ule wa kubusti. Safari hii ikawaka papo hapo. Yule mwanamke ni fundi, bwana. Kichwa anacho.

Tulifika kanisani kengele zikilia. Watu wakatuzunguka, wakaisifu rangi, nami nikavimba kichwa. Delfina akabonyeza swichi, pikapu ikainamisha pua mbele ya baba yake. Mzee hata hakuitazama rangi.

"Fidencio amekwangua wapi?"

Delfina akaiinua pikapu juu kabisa. Mzee akapiga magoti kwa shida, akapapasa pale penye chuma kitupu.

"Funguo usinirudishie, mwanangu," akasema.

Nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema.