Viatu Vyote Vilielekea Nguzoni

Asubuhi hiyo Mama Soli alifungua kibanda chake cha kushonea viatu, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi, akakoroga gundi iliyoanza kuganda. Alipogeuka kuchukua sindano, akaona viatu vya wateja vimegeuka. Jana aliviacha rafuni vikitazama mlango, jozi kwa jozi. Leo vyote vilielekeza ncha ukutani, upande wa magharibi: vya mwalimu, raba za watoto wa shule, hata kile kimoja cha bwana asiyekumbuka cha pili alikiacha kwa nani. Akavirudisha. Alipofika jozi ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imeshageuka tena.

"Haya, nimesikia," alisema, akaketi kumalizia soli aliyoianza jana, maana mwenye kiatu alikuwa njiani na ni mtu wa maneno mengi.

Ni yeye mwenyewe aliyeomba. Mumewe, fundi zege, aliaga asubuhi moja kwenda kazini kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mjini, asirudi. Jengo likaisha, likawekwa vioo na lifti, na mtu hayupo. Kampuni walisema aliacha kazi kwa hiari yake. Jirani akasema ana mke mwingine. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliapa kamwona kwa macho yake mawili katika mji wa mashariki, kanenepa, kavaa shati la maua. Ulimi hauna mfupa, jamani! Kila aliyekuja alileta lake, na Mama Soli akawa hajui alie kama mjane au atukane kama mke aliyetelekezwa. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Mama mkwe, aliyeishi chumba cha nyuma, alikuwa hatoki tena hata kwenda ibadani, kwa aibu ya kuzaa mwanamume anayetupa watu wake.

Basi jana jioni, begi la safari ya mashariki likiwa tayari limefungwa, Mama Soli alipiga magoti. "Mungu wangu, sikuombi unirudishie. Nimechoka kuambiwa. Nionyeshe upande tu, kutembea nitatembea mwenyewe."

Shemeji alifika kumsindikiza stendi. Akamkuta amefunga kibanda na begi kaliacha ndani.

"Shemeji, basi litatuacha!"

"Liende tu. Mimi naelekea huku."

"Huku kuna nini? Kule ndiko nilikomwona!"

"Wewe ulimwona. Mimi naonyeshwa."

Shemeji akachungulia rafu dirishani. Akavua kiatu chake kimoja, akakiweka chini kikitazama stendi. Kikageuka polepole, kikatulia. Akakivaa, akakumbuka ana shughuli mahali. Njia ya mwongo fupi.

Mama Soli akaenda. Mitaani, viatu vyenye miguu ndani viliendelea kutii miguu. Lakini vilivyoachwa vizingitini vilielekea kule kule, na vilivyoanikwa juu ya kuta, na lile rundo la mitumba sokoni, mamia kwa mamia, ncha zote upande mmoja. Muuza mitumba alikuwa akilalamika kwamba hawezi kuvipanga. Penye njia panda Mama Soli alisimama mpaka aone kiatu, na hakukosa. Palipokuwa hapana mlango wala duka, palikuwa na ndala iliyokatika, imetupwa mtaroni, inaonyesha. Hakuwahi kuonyeshwa zaidi ya kona iliyofuata. Mwili ulimsisimka toka unyayo hadi utosini, na machozi yakamtoka akiwa anatembea, si ya huzuni. Mtu aliyezoea kuinama juu ya viatu vya watu, leo viatu vya mji mzima vinamsemesha! Alisema "Asante" kwa kila jozi, kwa sauti, na watu wakampisha.

Vikamfikisha kwenye jengo lenye vioo. Ukumbini, mlinzi alikuwa amevua viatu kupumzisha miguu. Vilielekea nguzo kubwa ya katikati. Mama Soli akavua vyake upande wa pili wa nguzo. Navyo vikaielekea, vikitazamana na vya mlinzi.

"Wewe ni mkewe," mlinzi alisema. Aliwahi kubeba ndoo za zege hapo kabla ya kupewa sare.

"Ndiye mimi."

"Aliteleza, mama, akatumbukia. Tulikuwa tunamwaga nguzo hii. Tukapiga kelele wasimamishe. Msimamizi akasema zege halilali." Akainamisha kichwa. "Tukaendelea kumwaga."

Mama Soli akaweka kiganja kwenye nguzo, akakiacha hapo. Akalia sasa, kilio cha mjane, kikubwa, cha kujua.

Msimamizi yule yule, ambaye sasa alikuwa meneja wa jengo, alishuka na lifti. Hakukana. Alimpa pole, akamletea kiti na maji ya kunywa.

"Ila nguzo hii ndiyo imebeba jengo," alieleza kwa upole. "Tukiipasua, ghorofa zote zinakuja chini. Unataka watu wafe, mama?"

Kesho yake tangazo likabandikwa: ni marufuku kuvua viatu ndani ya jengo. Ghorofani wafanyakazi walivivua hivyo hivyo chini ya meza, vikawa vinasimama kwa ncha, visigino juu, vinatazama chini. Wakazoea. Msimamizi alivilaza vyake kwa kuvifunga kamba kwenye mguu wa meza. Polisi walikuja, wakatazama, wakafunga kamba za viatu vyao vizuri, wakaondoka. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga. Hawakusema mngoje mpaka lini.

Ijumaa Mama Soli alimshika mkono mama mkwe, akamwongoza taratibu hadi ukumbini. Bibi akavua viatu, hakujali tangazo. Vikageuka. Akavitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hakututupa."

"Hakututupa, mama."

Bibi akaegemeza paji la uso kwenye saruji. "Alikuwa mwanangu," akasema, kwa sauti ya kutaka ukumbi mzima usikie. "Mungu ni mkubwa. Alikuwa mwanangu, na alikuwa kazini."

Wakasimama hapo wawili, peku, mpaka mlinzi alipotumwa kuja kuwaambia kwamba wanaziba njia ya lifti.