Mama Mkwe Amejiunga

Watu wa Tuwan, mtaa wetu hapa Kitale, husema mimi ni mtu wa kuhamahama. Wakiniona nimebeba kompyuta naelekea kwa Kibiwott, wanaulizana, "Mzee Walubengo anahamia wapi tena?" Wanadhani ni fasheni, au ni uzee. Sijawahi kuwajibu. Lakini mwaka huu kuhama huko nusura kumkoseshe mjukuu wangu jina la mama yangu, kwa hiyo afadhali nieleze mwenyewe kabla wengine hawajaeleza vibaya.

Mimi ni Mbukusu wa zamani kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonifanya nikae na mke wangu Wilkista miaka yote hii bila vita na watu wake wa Myanga. Mama yake nimemwona mgongo tu. Ni mgongo mzuri, ulionyooka.

Elimu yangu ni ya gumbaru, darasa la jioni, baada ya kushinda mchana nikibeba magunia ya mbegu za mahindi hapa Kitale. Mama yangu Nabwile, ambaye hakujua hata herufi moja, aliuza ndizi sokoni Ndalu ili taa yangu isikose mafuta. Nilipostaafu nilijifunza kompyuta pia, nikapata cheti, na cheti hicho kimetundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi. Wilkista hulalamika. Mimi humwambia kwamba harusi hata wajinga hufanya.

Binti yetu Viola, ambaye ni muuguzi Kanada, ndiye aliyeanzisha kundi la familia kwenye WhatsApp. Nilifurahi. Kila asubuhi niliandika neno la hekima, na jamaa walinijibu kwa vidole gumba. Kisha siku moja, nikiwa mezani nakunywa chai na fulana tu mwilini, simu ikatangaza kwamba mama mkwe ameongezwa kwenye kundi. Niliinuka, nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji.

"Baba Viola, chai inapoa!" Wilkista aliita.

"Siwezi kuingia. Mama yako yuko mezani."

Alichungulia mezani. "Hapa naona simu na mkate."

"Yuko ndani ya simu. Na mimi nimevaa fulana."

"Ati nini? Mama yuko Myanga anachambua maharagwe!"

"Nitoe kwenye hilo kundi kwanza, ndipo niingie."

Alinitoa. Alicheka mpaka akalazimika kuketi.

Nilikwenda kwa Kibiwott kutafuta mahali pengine. Kibiwott ni mtu wa Mlima Elgon, na duka lake hapa Tuwan hutengeneza kompyuta upande mmoja na huuza vifaranga upande wa pili. Ukizungumza naye lazima upaze sauti, kwa sababu vifaranga hawanyamazi.

"Mzee, hiyo ni simu bana, si nyumba," alisema.

"Nyumba ni nini?" nilimuuliza. "Nyumba ina mwenyewe. Kundi lina mwenyewe. Simu ikiniambia fulani ameingia, fulani ametoka, inazungumza habari za mlango. Wewe umewahi kuona mlango usio na nyumba?"

Kibiwott alifikiri. "Lango la boma," akasema.

"Na bomani hukaa nani?"

Akanihamishia Telegram.

Huko nilikaa kwa raha. Nilianzisha mafundisho juu ya kupanda mahindi kwa mistari, na walionifuata walikuwa watu wa maana. Hata hivyo mvua za masika zilipoanza, simu ikaniletea habari kwamba mtu ninayemfahamu amejiunga, na ikaandika jina lake lote. Jina hilo sijawahi kulitamka maishani. Nililiziba kwa kidole gumba, nikatembea hivyo hivyo mpaka kwa Kibiwott. Njiani pasta alininyooshea mkono wa salamu, nikashindwa kuupokea. Mpaka leo anaamini nina kinyongo juu ya mambo ya harambee.

Nikaiacha simu, nikashika kompyuta na Facebook. Niliona kompyuta ni kitu cha ofisi, kizito, hakitaingiliwa ovyo. Asubuhi moja ikaniambia, "Watu ambao huenda unawafahamu," na hapo chini ulikuwa uso. Uso mzima, na kilemba! Nilijua ni yeye kwa sababu ulikuwa uso wa Wilkista uliotangulia. Nilivuta kitambaa cha kufumwa kwa mkono kutoka mgongo wa kiti cha sofa, nikaufunika uso huo na skrini yake. Kisha nikaibeba kompyuta barabarani ikiwa imefunikwa, na watu wakanipisha wakidhani nimebeba keki ya harusi.

"Sasa mzee nitakuwekea Linux," Kibiwott alisema. "Hii haina kiherehere. Haikuambii kitu mpaka uiulize."

Niliipenda Linux. Ilikaa kimya kama mgeni mwenye malezi. Kanisani waliponiuliza kwa nini nimebadilisha tena, niliwaambia kwamba mtu huru anataka programu huru, wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilitumia barua pepe tu, maana barua si nyumba. Barua ni barua. Lakini Viola akatuandikia sote kwa pamoja. Nilipofungua niliona anwani yangu, kisha koma, kisha anwani ya mama mkwe, kwenye mstari mmoja. Tulikuwa tumeketi benchi moja tukitenganishwa na koma! Koma haizuii hata kuku.

Siku hiyo nilirudi kwenye simu ya vitufe, ile ya tochi.

"Mzee, si sasa umerudi Misri," Kibiwott alisema.

"Misri kulikuwa na adabu," nilimjibu.

Ndipo Viola akajifungua msichana.

Watu wa mume wake walitoa jina lao, wakatuachia sisi jina moja. Kwetu jina la marehemu huitwa mbele ya mtoto na mtu wa damu, kwa sauti, na likikubalika mtoto hutulia. Mimi ndiye mtoto pekee wa Nabwile aliye hai. Nisipoliita mimi, hakuna mwingine wa kuliita, na mwanamke aliyeninunulia mwanga wa kusomea atabaki kaburini bila mtu wa kuitika jina lake. Viola alipanga mkutano wa video siku ya Jumamosi. Nyanya wa Myanga, mama yake Wilkista, angekuwepo, na yeye naye alikuwa na marehemu wake.

Wilkista alikuwa amekwenda Myanga kusaidia kupukuchua mahindi. Alinipigia simu.

"Baba Viola, utakuja au hutakuja?"

"Mama yako ataketi wapi?"

"Kwenye simu yake."

"Na mimi?"

"Popote! Lakini usipokuja, mama ataita jina la shangazi yake. Na usije ukaniletea uso mrefu baadaye."

Nilivaa suti, nikachukua kitambaa cha sofa, nikaenda kwa Kibiwott. Alinikalisha mbele ya kompyuta yake, akanionyesha kitufe cha kuzima kamera. Nilimwambia kitufe ni ahadi, na kitambaa ni kitambaa. Nilifunika skrini na kamera pamoja, nikakaa wima mbele ya maua yaliyofumwa kwa uzi.

Nilisikia mtoto akilia. Nilisikia Viola akisema, "Shikamoo baba! Mbona sikuoni? Na kwa nyanya pia naona giza."

"Mama ametundika leso," Wilkista alieleza kutoka Myanga. "Anasema hawezi kukaa uso kwa uso na mtu fulani."

Sikuwa nimetegemea hilo. Leso upande ule, kitambaa upande huu. Kwa mara ya kwanza nilihisi niko mkutanoni na mtu aliyelelewa vizuri.

Kisha ilisikika sauti ya mwanamke mzee, kavu na isiyo na haraka. "Mtoto," ilisema, na ilikuwa inamwambia yule mchanga, "mwambie huyo mtu wa Kitare aite jina rake. Mimi nimeziba macho, sijaziba masikio."

"Mtoto," nilisema, "mwambie mtu wa Myanga asante. Na wewe uitwe Nabwile. Nabwile wa Ndalu. Nabwile wa ndizi."

Mtoto alinyamaza. Kibiwott, aliyekuwa akilisha vifaranga, akavua kofia.

"Amekubari," ilisema ile sauti. "Shangazi atangoja."

Walipiga vigelegele, wakaimba, wakaomba, mtoto akapelekwa kunyonya na Viola akaaga. Huko Myanga Wilkista alisikika akipiga kelele kwamba ng'ombe wameingia kwenye mahindi, akatoka mbio. Hapa kwetu Kibiwott alitoka kumpelekea mteja mfuko wa chakula cha kuku. Nilingoja kusikia mtu mwingine. Sikusikia. Polepole nikatambua hali yangu: watu wote wameondoka, na mimi nimebaki peke yangu chumbani na mama mkwe.

Kitufe cha kutokea kilikuwa chini ya kitambaa. Kukipata lazima nifunue, na nikifunua, nani anajua leso ya upande ule imefungwa vipi? Tena kuondoka bila kuaga ni kumtukana. Na kuaga ni kuzungumza naye. Mtoto wa kutumwa hayupo. Nilisikia akipumua. Bila shaka naye alinisikia.

Nikawageukia vifaranga.

"Vifaranga," nilisema kwa sauti, "mwambieni mtu wa Myanga kwamba ningependa kutoka, lakini sioni mlango."

Huko Myanga kulisikika jogoo akipiga mabawa. "Wewe jogoo," ile sauti ikasema, "mwambie huyo mtu kwamba hata mimi nimeshindwa. Hii reso nikiitoa nitaona mambo."

"Vifaranga, mwambieni pole."

"Jogoo, mwulize kwa nini ananifuata kira mahari."

Niliruka kwenye kiti. "Vifaranga! Mwambieni mimi ndiye ninayefuatwa!"

Jogoo wa Myanga aliwika, na mama mkwe akamngoja amalize. Kisha akaeleza, kupitia kwake. Siku alipoongezwa kwenye kundi la familia aliona neno langu la hekima, akajitoa kabla jua halijatua. Kina mama wa kanisa wakamwambia Telegram ni kimya, akaenda, akanikuta nikifundisha mahindi. Akakimbilia Facebook, ikamletea picha yangu nimevaa tai. Alifunika simu kwa sufuria. Ndipo akaomba afunguliwe barua pepe, kwa sababu barua si nyumba.

"Na huko," alisema, "nikakuta ameketi kando yangu. Koma tu, jogoo. Koma!"

Sijui kama mtu aliwahi kunielewa hivyo duniani.

Basi tuligawana. Tuligawana kama wazee wanavyogawa shamba, mpaka kwa mpaka, vifaranga na jogoo wakiwa mashahidi. WhatsApp ikawa yake, kwa sababu kina mama wa kanisa wako huko. Telegram ikawa yangu pamoja na mahindi yake. Facebook tukaigawa kwa siku: yeye siku za soko la Myanga, mimi zilizobaki. Linux aliniachia yote, akasema hata hajui inaliwa na nini. Barua pepe itumiwe na wote, ila paandikwe mtu katikati.

Wilkista aliporudi kutoka kufukuza ng'ombe alitukuta tukibishana, kwa adabu, juu ya picha za mtoto. Tulimwomba awe huyo mtu wa katikati.

"Mimi si mkonge wa mpakani," alisema, akabonyeza kitufe akatutoa sote.

Kwa hiyo tukamchukua Kibiwott, ambaye si wa ukoo wowote kati yetu. Barua za Viola sasa huja kwa mpangilio: mimi, koma, Kibiwott, koma, yeye. Nimerudisha kompyuta mezani, na kitambaa kimerudi kwenye sofa.

Tatizo limebaki moja. Jana nilikwenda kununua chakula cha kuku, na Kibiwott akanipokea mlangoni kwa furaha.

"Mzee, hongera! Nabwile ameota jino!"

Nilimkemea. Nilimwambia mkonge wa mpakani hausomi barua za watu.

"Si mliniweka katikati," alisema, akinipimia chakula. "Na kwa taarifa yako, nyanya wa Myanga alijibu kabla yako. Anauliza kama umekufa."

Nilirudi nyumbani mbio, nikafungua kompyuta. Lilikuwa jino moja, la chini. Niliandika jibu refu, lenye hekima, nikampelekea Kibiwott, ili awaambie wanaohusika.