Bega la Birika

Tangu saa moja asubuhi Birika na mama yake walikuwa wakisogeza makalio kwenye benchi la ofisi ya elimu, kwa mwendo wa konokono anayelipwa kwa siku. Jina hilo alipewa darasani: mkono wake wa kulia umekunjika kiwikoni na kutokeza nje kama mpini wa birika. Siku ya kuzaliwa alivutwa bega, mishipa ya fahamu ikaumia. Tangu hapo bega limeshuka, mgongo umejipinda kulifuata, na akiandika ukurasa mmoja mkono unakufa ganzi. Alichotaka ni mhuri tu, wa kumwongezea nusu saa kwenye mtihani. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi.

"Simama wima," karani aliamuru. Akamkagua mbele na nyuma kwa uzito wa mtu anayenunua ng'ombe. "Mbona kanyooka? Mabega sawa kama mizani!"

Mama, fundi cherehani, alijisahau akatabasamu. Kisha tabasamu likamfia mdomoni. Ile sponji! Miaka tisa alishona sponji begani mwa kila sare na kufupisha mkono mmoja wa shati, ili watu wasimgeuzie mwanawe shingo. Alikuwa ameshona vizuri mno.

"Kaka, huo ni ufundi wangu. Ndani ya nguo—"

"Mama, mimi naandika ninachokiona. Anayefuata!"

"Mama, nipe wembe," Birika alisema.

"Wa nini?"

"Wa kufumua. Au umeacha kazi?"

Mama akafumua palepale, uzi mmoja baada ya mwingine. Sponji ikaangukia fomu mezani kwa karani. Bega likashuka, na sare nzima ikaning'inia upande kama pazia lililotoka msumari. Benchi zima likageuza shingo.

Karani akakohoa. "Haya, nimeona. Ila fomu inataka tarehe ya ajali."

"Tarehe yangu ya kuzaliwa."

"Kuzaliwa si ajali, binti."

"Kwangu vilikuja siku moja, mzee. Naomba kalamu, nijaze mwenyewe."

Akainama. Herufi moja. Akapumzika, akautikisa mkono. Herufi ya pili. Foleni ikajaa hadi mlangoni.

"Mwacheni aandike!" sauti ikatoka benchini.

Karani akatazama saa, akautazama mhuri, akarudi kwenye saa. "Binti, unatuchelewesha."

"Ndiyo, mzee," Birika alijibu bila kuinua kichwa. "Ndicho nilichokuja kukueleza."