Tumesema Saa Sita

Mirembe alikuwa na njaa ya saa za kuruka. Leseni alikwisha kuipata kule Uganda, tena kwa jasho la baba yake, lakini leseni ya rubani binafsi haikununulii hata sabuni. Ili mtu akuajiri lazima uwe na saa nyingi angani, na kwao kukodi ndege ni mchezo wa watoto wa matajiri. Aliposikia kwamba Kapteni Wasswa, Mganda mwenzake, anatafuta mtu wa kukaa naye kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, bila malipo, alifungasha akaja Juba. Alipanga chumba mtaa wa Juba Na Bari, akawa anadamkia uwanja wa ndege kupakia maboksi ya dawa, kufuta vioo na kuongea na watu wa mbali kwenye redio, mradi tu ndege ikiwa tupu akabidhiwe usukani.

Jioni moja muuguzi Adit aliita kwenye redio kutoka zahanati ya ng'ambo ya mto, huko ambako mvua ilikuwa imekata barabara. Alikuwa na mama anaitwa Santina, uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekwama. Adit alisema mgonjwa atamudu hadi kesho mchana, ilimradi alale na dripu isikatike. Wasswa akatazama ramani. Asubuhi walikuwa na mzigo wa kupeleka mbali, wakirudi wangempitia mgonjwa.

"Baadaye waite uwaambie muda," alimwambia Mirembe. "Safari mbili siku moja. Saa zako hizo."

Mirembe alifurahi. Kuna mama anateseka na yeye alifurahi, ndivyo ilivyokuwa.

Alipoita, aliyepokea hakuwa Adit, maana Adit hakubanduka kwa mgonjwa. Alikuwa Ezbon, mume wa Santina. Kiingereza chake kilisuasua, na Mirembe kwa kumwonea huruma akahamia Kiswahili. Kanuni za kazi zinataka muda utajwe kwa Kiingereza, tarakimu moja moja. Lakini mtu mwenye mke wa hali ile utamsomea tarakimu?

"Kaka, usiogope. Tutakuja kesho saa sita."

"Saa sita, dada?"

"Ndiyo, saa sita. Mleteni kiwanjani."

"Tamam. Sisi tutakuwa hapo saa sita. Mungu akubariki."

Kesho yake, jua likiwa utosini, ndege ilitua kwenye kiwanja cha udongo. Hakuna aliyepunga mkono. Watu walikuwa wamekaa kuzunguka kitanda cha kamba, na aliyelala juu yake alikuwa amefunikwa shuka hadi usoni. Adit alikuwa chini, chupa tupu ya dripu mapajani.

"Amekwenda si muda mrefu, yeye na mtoto wake," alisema. "Tulimbeba usiku ili tuwahi. Kulipokucha dripu ikaisha, na zingine ziko zahanati. Tungemrudisha, lakini kila tukitaka kuinua kitanda tunasema ndege iko karibu."

Hapo Mirembe akaelewa. Kwa Kiarabu cha Juba sita ni sita vilevile, ila wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa sita yao ni ya mapambazuko. Ya Kiswahili ni ya jua kali. Walikuwa wametamka neno moja, wakakubaliana, na kila mtu akabaki na saa yake.

Ezbon alikuja taratibu, matope hadi magotini. "Kapteni, ndege ilikufa njiani?"

Wasswa alimtupia Mirembe jicho, akajibu upesi. "Ndiyo. Injini ilisumbua. Pole sana, mzee." Kisha kwa Kiganda akamwambia Mirembe anyamaze.

Hakuweza. Roho ilimuuma mno, alitaka kuutua mzigo ule popote pale. "Haikuharibika," alisema. "Mimi nilisema saa sita ya Kiswahili. Ya mchana. Kosa ni langu, kaka. Nisamehe."

Alingoja matusi. Alingoja hata kofi, na angelipokea.

"Ya mchana," alisema Ezbon. "Mimi nilikaa Arua, kwenu Uganda, miaka mingi, wakati wa ukimbizi. Nilikuwa nauza nguo sokoni. Saa ya Kiswahili mimi najua." Aligeuka akatazama kitanda. "Wewe ulisema vizuri, dada. Adit aliniuliza, saa sita gani? Mimi nikasema ya asubuhi."

"Hapana, kaka." Mirembe alimshika mkono. "Injini kweli ilisumbua. Kapteni amekwambia. Ilisumbua."

Ezbon alijitoa mkononi mwake kwa upole. Akarudi kitandani, akapiga magoti, akaanza kumweleza mkewe kwa Kiarabu kosa alilofanya yeye mwenyewe.