Kifaru Asiyepigwa Msasa

Hoteli ya Bi Salme pale mtaani Jericho haikuwa na nambari milangoni. Kila ufunguo ulifungwa kwenye mnyama wa kuchongwa, na mgeni hakupewa ufunguo mpaka alie kama mnyama wake. Makarani wenye tai shingoni walicheka kama fisi; wazee wa kanisa walinguruma. Asiyelia, akalale kwingine.

Wanyama hao walichongwa na Muthama, baba yake Kaluki, kabla hajaenda Mombasa kutafuta riziki. Baba alichonga, binti akapiga msasa. Ila tumboni mwa kila mnyama baba alimzuia mkono: "Hapo usipaguse, mama. Ndipo anapopumulia."

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Sasa, miaka minne baadaye, Kaluki alikuwa na miaka kumi, na mama yake alikwisha kuacha kusema "atarudi."

Jumamosi moja Rufaida, mjukuu wa Bi Salme, alimjia mbio bombani. "Niaje, Kaluki! Kuna mnyama mpya, kifaru! Aliletwa juzi na lori kutoka Mombasa."

Kaluki aliiacha ndoo ikifurika.

"Shikamoo, Bibi. Naomba nimshike kifaru."

"Marahaba. Sheria waijua," alisema Bi Salme, akiendelea kuchagua mchele. "Lia."

Kifaru hulia vipi? Rufaida akajaribu kumwokoa: "Muuu!"

"Huyo ni ng'ombe, tena mgonjwa."

Mbaluka, dereva wa lori, aliyekuwa mezani akila chapati, alicheka hadi chai ikampalia.

Kaluki alifumba macho. Akamwona baba ameinamia gogo, vumbi la mti limemjaa puani, analipuliza nje: fffrrr! fffrrr! Akapuliza vivyo hivyo.

Bi Salme aliuacha mchele. Akampa ufunguo.

"Lakini huyo mnyama mtundu, ametoboa mifuko ya wageni wawili. Baba yako siku hizi analipua kazi?"

Kaluki alimpapasa kifaru. Mnyama alikwaruza kotekote, toka pembe hadi mkia.

"Hata mimi nilimwuliza," alisema Mbaluka. "Akanijibu, mpeleke hivyo hivyo kwa Bi Salme. Wa kummaliza yuko huko Jericho."

"Hakusema atakuja lini?"

Mbaluka aliitazama chapati yake. "Hakusema, mwanangu."

Kaluki alikwenda kwao kuchukua msasa, akarudi kuketi kizingitini mwa hoteli. Alilainisha pembe, mgongo, miguu. Tumbo akaliacha. Jua lilipoelekea kutua, akamweka kifaru mbele ya dereva.

"Mrudishie baba. Mwambie anapumua."

Hakuna mnyama aliyewahi kutoka katika hoteli ile. Rufaida alimtazama bibi yake, akingoja makelele. Bi Salme alifungua kamba, akautoa ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Na umwambie," alimwagiza dereva, "chumba cha kifaru hakilaliwi mpaka amlete mwenyewe."

Jioni hiyo mama alimwambia Kaluki anawe mikono wale. Kaluki alinawa wa kulia tu. Wa kushoto aliuficha chini ya meza, vumbi la mti bado vidoleni.