Chungu cha Mlenda

Jumatano asubuhi Loisi alikuwa nyuma ya nyumba yake, kijijini Mlali, akisugua chungu cha mlenda na kukohoa. Jumamosi binti yake Anitha angeolewa, na wimbo wa kumtoa binti nyumbani huanzishwa na mama mzazi. Loisi hakuwa na sauti. Mafua yalikuwa yameondoka nayo, yakamwachia mikwaruzo. Mara tatu alikwenda zahanati, na mara zote muuguzi Hilda alimwandikia dawa, kisha akamwonyesha kabati tupu.

Obedi, mdogo wa mumewe, akarudi kutoka Dodoma mjini na dawa ya Kichina: mizizi, maganda makavu ya chungwa, na vijiti vitamu.

"Shemeji, mwenye duka kasisitiza, isiguse sufuria. Chungu cha udongo tu."

"Chungu ninacho hiki kimoja, na mlenda umeshapikwa humu miaka kumi na miwili."

"Udongo ni udongo."

Loisi akachemsha, akanywa, akakunja uso. Mlenda nao, mboga ya utelezi, una tabia zake. Kikohozi kiliteleza kooni bila kuuma, kikatoka kizima, kikasimama uani, kimo cha kuku, rangi ya vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" akaitika Loisi, kwa sauti iliyosikika hadi kisimani. Akafurahi mpaka akacheza na mwiko mkononi. Kikohozi kikashika njia ya zahanati, maana ndiyo njia kiliyoijua.

Kufika Ijumaa, majirani walikuwa wameshapita na vikombe vyao. Vikohozi thelathini na kimoja vilikaa kwenye benchi la zahanati, vya wazee vikiwa mbele. Hilda akaviandika daftarini, akavionyesha kabati. Vikasema vitasubiri.

Jumamosi Loisi aliuanzisha wimbo, wanawake wakaupokea kwa ngoma, na Anitha akalia na kucheka kwa pamoja. Wakwe kutoka Chemba walicheza hadi viatu vikawashinda, wakavivua.

Jumatatu mkaguzi alifika zahanati. Aliomba vikohozi visogee kidogo aketi, akaandika kwamba wagonjwa wanahudhuria vizuri, akaondoka. Kabati hakulifungua.

Jioni Loisi akaja na uji.

"Wamesemaje leo?"

"Wamesema kesho," kikajibu kikohozi chake.

"Na mimi waliniambia hivyo hivyo."

Akakimiminia kikombe. Kisha akaketi kando yake, akakiimbia wimbo wa Anitha wote, mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa harusini hakikuwepo.